Mwaka Niliowachora Wanamgambo

Mwaka huu, Jumamosi moja baada ya mavuno, bodaboda ilisimama mbele ya nyumba yangu hapa mtaa wa Malangali, akashuka Mzee Dismasi. Nilikuwa nimekaa kibarazani nachambua maharage, nusura nimwage ungo mzima. Mtu huyu tumekuwa tukipishana mjini Sumbawanga kwa miaka zaidi ya arobaini, sokoni, kanisani, kwenye foleni ya benki, na miaka yote hiyo akiniona hutazama pembeni. Nilikuwa namsalimia, haitikii, na watu waliokuwa karibu walidhani ni yale masikio yake, kwa kuwa kila mtu anajua Mzee Dismasi hasikii vizuri. Mimi nilijua si masikio. Siku hiyo alisogea taratibu na fimbo yake mpaka mbele yangu, akavua kofia. "Hodi, Mwalimu," akasema. "Nimetoka hospitali. Daktari amesema macho nayo yanakwenda. Nimekuja kuiona ile picha kabla hayajaisha." Sikumuuliza picha ipi. Nilimwingiza sebuleni, nikamketisha kwenye kiti cha dirishani, nikabandika maji ya ugali, kisha nikaenda chumbani kuvuta sanduku lililo chini ya kitanda. Mimi si mtu wa kubabaika ovyo, wanafunzi wangu wote watakwambia, lakini nilikaa sakafuni na lile sanduku kwa muda mrefu kabla ya kulifungua.

Mwaka wa vita vya Kagera nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kazi yangu ilikuwa kuchora majembe. Nilikuwa msaidizi wa elimu ya watu wazima, kile tulichokiita kisomo. Mkulima anayeanza kusoma akiwa na miaka hamsini anataka kuliona jembe lenyewe juu ya neno jembe, na mimi ndiye niliyelichora, kwenye karatasi za manila, kwanza kwa penseli halafu kwa wino. Nilichora majembe, vyungu, ng'ombe, masuke ya ulezi. Nilikuwa hodari, nilijijua kuwa ni hodari, na nadhani niliwachosha wenzangu kwa kujijua huko. Stoo yetu ya kisomo ilikuwa chumba cha mwisho cha shule moja pembezoni mwa mji. Ilinuka gundi na mikojo ya panya, na ilikuwa na dirisha moja lisilo na kioo, lililotazama uwanja wa mpira. Nililala chumba cha pili yake, ukuta mmoja na jiko la shule, kwa hiyo kila asubuhi niliamshwa na Mama Skola, mpishi, akigombana na kuni mbichi. Mpaka leo nikisikia moshi wa kuni mbichi, nauona uwanja ule.

Vita ilitufikia kwa redio kwanza, halafu kwa malori. Vijiji vilichanga mahindi na ng'ombe wa kuwalisha askari, sabuni na sukari vikaadimika, shule ikafunga, na wiki iliyofuata uwanja wa mpira ukajaa vijana. Walitoka kila pembe ya Ufipa, wengine peku, wengine na makoti ya baba zao, na kila mmoja alipewa bunduki ya mti. Aliyewafundisha alikuwa Sajenti mmoja, mtu wa mbali, mfupi, mwenye sauti iliyofika mpaka sokoni, ambaye kila asubuhi alilaani baridi yetu kabla ya kusema neno lingine lolote. Siku ya tatu aliingia stoo bila kubisha hodi. "Wewe ndiye unayechora majembe?" Nikamwambia ndimi. "Basi acha majembe. Nusu ya hawa hawajui kusoma, nami sina muda wa kusema jambo moja mara mia. Nichoree mtu anavyoshika bunduki, anavyolala chini, anavyotambaa. Uwabandikie ukutani." Ndivyo nilivyopewa ruhusa ya kukaa dirishani kutwa nzima na kuwatazama wanaume.

Nasema ruhusa kwa sababu msichana wa kwetu hakufundishwa kuwakodolea wanaume macho. Ukimchora mtu unalazimika kumtazama kuliko adabu inavyokubali, tena kwa muda mrefu, na nilichokiona kilinishangaza mpaka nikasahau kula. Hawa walikuwa watu niliokulia kati yao, lakini nilikuwa sijawahi kuwaona. Mgongo wa mtu aliyeanza kulima matuta akiwa mtoto haunyooki kwa amri ya Sajenti. Anaambiwa "Mguu sawa!" na kifua kinatoka, kidevu kinapanda, lakini bega la mkono unaotangulia kwenye mpini linabaki chini, limekaa pale miaka yote, na penseli inalikuta. Niliweza kumjua mchunga ng'ombe kwa anavyosimama kwa mguu mmoja amri ikilegea. Niliweza kumjua aliyeoa juzi. Mwoga nilimjua kwa vidole, maana uso hujifunza haraka kudanganya lakini vidole havijui. Zile picha za ukutani nilizichora kama kitabu, vifua mbele, sura moja kwa wote, na Sajenti alizifurahia sana. Zile za kweli nilizichora nyuma ya karatasi zilizoharibika, haraka haraka, kwa ajili yangu mwenyewe. Jioni nilizipanga sakafuni nikazitazama, na kuna siku niliogopa kidogo. Nilikuwa nimechora vitu ambavyo sikukumbuka kuviona.

Vijana wakagundua. Mpiga picha wa mjini alikuwa hana filamu tangu vita ianze, kwa hiyo mchoro wa penseli ndio uliokuwepo, na wakati wa chakula walikuja dirishani na sahani zao za ugali wa ulezi na maharage kuomba. "Dada, nichore na mimi, nimpelekee mama." Wa kwanza kabisa kuomba walikuwa wawili, Dismasi na Krispini, majirani kutoka Mwazye. Walikula sahani moja. Walilala mkeka mmoja. Kwenye mstari walisimama bega kwa bega, Krispini daima kushoto, na Mama Skola aliwaita maharusi. Krispini ndiye aliyekuwa msemaji, mcheshi, mwenye maneno ya kumchekesha hata Sajenti. Dismasi alicheka baada ya wengine kucheka. Nilidhani ni mzito wa kuelewa, na ninaandika hivyo kwa aibu. Nilikuwa na karatasi niliyowachora wote wawili wakiwa mstarini. Nikampa Dismasi, naye akaipeleka kwa mama yake na lori lililokuwa linarudi kijijini kufuata mahindi.

Siku tisa baadaye nilikuta mwanamke ameketi mlangoni mwa stoo, miguu imejaa tope mpaka magotini. Alikuwa na kapu dogo la unga wa ulezi na ile karatasi yangu, imekunjwa ndani ya kitambaa. Alisema ametoka Mwazye, sehemu kwa lori, sehemu kubwa kwa miguu, na kwamba yeye ni mama yake Dismasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hii umechora wewe?"

Nikasema ni mimi, nikingoja lawama. Nilifikiri atasema haifanani. Nilishaanza kutafuta maneno ya kujitetea, kwamba hakukaa muda wa kutosha, kwamba mwanga ulikuwa mbaya. Aliikunjua karatasi juu ya kanga yake, akaweka kidole kwenye uso wa mwanawe.

"Wote wanatazama mbele," akasema. "Mwanangu anatazama wapi?"

Nikatazama. Sajenti alikuwa mbele yao akitoa amri, na mstari mzima ulikuwa umemkazia macho Sajenti. Dismasi alikuwa amegeuza mboni tu, kichwa hakijageuka, anautazama mkono wa Krispini. Nilikimbia ndani nikachukua karatasi zangu zote, nikazimwaga pale mlangoni. Kulala chini, kutambaa, kugeuka, kutembea, kila nilipomchora Dismasi alikuwa akimtazama Krispini, na kwenye tatu kati ya hizo kidole cha Krispini kilikuwa kimegusa paja la mwenzake. Mkono wangu ulikuwa umeandika siri ya watu wawili kwa mwezi mzima, na mimi nimekaa nyuma yake kama kipofu.

"Surua," mama akasema. "Alikuwa na miaka minne. Sikio la kulia limekufa kabisa, la kushoto linasikia mtu akiwa karibu. Siku ya kupimwa, Krispini alisimama nyuma yake akamfinya kila alipoitwa. Nilimpigia magoti asiende. Akaniapisha mbele ya msalaba nisimwambie mtu yeyote. Anasema tangu azaliwe hajawahi kuhesabiwa na wanaume wenzake." Alikunja karatasi, akaniwekea mkononi. "Mimi nimeapa, mwanangu. Wewe hujaapa."

Kisha akainuka, akaniachia kapu la unga, akaenda kumngojea mwanawe kwenye kivuli cha jiko kama mama yeyote aliyekuja kusalimia. Nilimtazama akimpangusa Dismasi jasho kwa pindo la kanga, wanacheka, na mwanawe hajui amekuja na nini. Siku nzima ile sikushika penseli. Hakuna aliyewahi kuniwekea roho ya mtu mkononi, na sikutaka. Nilijiambia hayanihusu. Nilijiambia kijana ana haki ya kuchagua, ana akili zake timamu, ana rafiki. Nikajiambia pia, na hili ndilo lililonikaa, kwamba rafiki ni mtu mmoja na risasi haichagui.

Asubuhi nikiwa chumbani nilimsikia Sajenti jikoni, upande wa pili wa ukuta, akiomba uji. Mama Skola alimuuliza kama ni kweli malori yanakuja Ijumaa. Akasema ni kweli. Mama akamuuliza kama hawa watoto wameiva. Nikasikia Sajenti anapuliza uji. "Mama," akasema, "kule hakuna kuiva. Kuna kusikia. Nikisema lala, anayelala anaishi." Alisema kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake. Nilivaa, nikachukua picha nane za kulala na kutambaa alizokuwa ameniagiza, nikaweka karatasi ya Mwazye juu yake, nikampelekea bila kusema neno. Nilikuwa nimejipanga kusema kwamba sikuzitazama. Alizipokea, akaipita ile ya kwanza, halafu akairudia. Aliitazama mpaka uji ukapoa. Mtu yule hakuwa mjinga hata kidogo, na alijua kusoma mstari wa askari kuliko nilivyojua kusoma kitabu. Akaninyooshea tena karatasi ile. "Hii si ya ukutani," akasema. "Ifiche."

Saa nne walipanga mstari. Sajenti alipita akiwahesabu, akamwita Krispini kwa jina na kumpeleka mstari wa nyuma kabisa, eti kwa sababu ya urefu. Kisha akaenda kusimama nyuma ya mgongo wa Dismasi. Nilikuwa dirishani. Mawingu yalikuwa chini, yamekaa juu ya milima ya Ufipa. "Nyuma geuka!" Watu mia na zaidi waligeuka kwa kishindo kimoja, na kati yao mtu mmoja akabaki ametazama mbele, kidevu juu, kifua nje, amenyooka kuliko siku zote nilizomchora, maana alikuwa hajui kuwa amebaki peke yake. Ilikuwa sekunde mbili tatu. Kisha aliiona migongo ya mstari wa mbele yake imekuwa nyuso, nyuso zinamtazama, akaelewa. Hakuna aliyecheka. Sajenti alimzunguka, akamwekea mkono begani, akamwambia jambo karibu na sikio la kushoto, na Dismasi akaweka ile bunduki ya mti chini kwa uangalifu kabisa, kama inaweza kuvunjika. Alipopita dirishani kwangu kwenda kuchukua kifurushi chake cha nguo, niliona ameshajua ni nani aliyemfichua. Alinitazama mara moja, akatazama pembeni. Nilidhani kinyongo hicho kitapita baada ya wiki.

Malori yaliondoka Ijumaa. Sijawahi kuona kitu kama kile, malori yale yanakwea polepole kwenye barabara ya Tunduma na watu wamesimama wima ndani yake wakiimba, na mji mzima, wafanyabiashara, masista, wazee waliokuja na fimbo zao, umesimama kandokando haujui kama ushangilie au upige magoti. Krispini alikuwa ukingoni mwa lori la tatu. Alikuwa anapunga mkono kwa watu wote bila kumwangalia hata mmoja, na Dismasi alikuwa anakimbia pembeni, anaita jina lake, mpaka lori likaongeza mwendo. Mama Skola alinishika kiuno maana nilikuwa nalia kwa sauti.

Miezi ikapita, tukavuna ulezi, vita ikaisha na wakaanza kurudi. Mama yake Dismasi alikuwa akija mjini kila gulio, akinipitia na kitu, mayai, karanga, akiniita mwanangu mbele ya watu, na hakuwahi kulitaja lile jambo hata siku moja. Dismasi nilimwona tena siku lori la kwanza liliporudi. Alimfuata kila aliyeshuka, akimshika kola, akimwekea sikio la kushoto mdomoni. Wa mwisho kushuka alikuwa kijana wa Kalambo aliyekuwa kikosi kimoja na Krispini. Nilikuwa karibu, nikasikia, kwa kuwa ilimbidi apaze sauti. Alisema waliona watu juu ya kilima, ng'ambo ya bonde, na kila mmoja alijua si wetu, wakalala. "Krispini hakulala," akasema. "Alisimama akawapungia mkono. Tulimwita. Akatuambia, hawa si wenzetu hawa? Sijui alipatwa na nini, ndugu yangu. Labda ni uchovu." Dismasi alimwachia kola. Mwaka uliofuata alioa, na mtoto wake wa kwanza wa kiume akamwita Krispini, kwa hiyo tangu hapo mji mzima unamwita Baba Krispini, na mimi kila nikisikia mtu anamsalimia nasimama kidogo.

Basi niliileta sebuleni ile karatasi. Imegeuka rangi ya chai, na mikunjo ya mama yake imeipasua katikati, lakini penseli bado iko. Nilimwekea mapajani, nikamsogezea pazia apate mwanga. Ugali ulikuwa tayari, nimekaanga na samaki, migebuka, hakuna aliyeugusa. Hakujitazama yeye hata kidogo. Aliweka kidole chake kinene chini ya uso wa Krispini na kukiacha pale, na machozi yakamtoka bila yeye kuyafuta. Alisema alikuwa amesahau kwamba meno ya Krispini yalikuwa na mwanya. Kisha akasema, "Angalia macho yake."

Nikainama. Kwenye mstari mzima watu walikuwa wamefumbua macho kumtazama Sajenti. Krispini alikuwa ameyafinya mpaka yamebaki nyuzi mbili.

"Ni jua," nikasema kwenye sikio lake la kushoto. "Lilikuwa linampiga usoni."

"Jua gani, Mwalimu? Angalia mashati yetu."

Nilikuwa nimeyachora mimi mwenyewe, yameganda mabegani, kitambaa kimeshika ngozi, na kwenye pindo la shati la Krispini nilikuwa nimeweka vitone vidogo vinavyodondoka. Mvua ilikuwa inanyesha. Nimeitunza karatasi hii maisha yangu yote, nimeitoa sandukuni nikaitazama sijui mara ngapi, nikijivunia jinsi ilivyomjua Dismasi, na sikuwahi kusoma nusu ya pili. Nilikaa nikiuogopa mkono wangu mwenyewe, huu huu uliopinda vidole sasa, kwamba uliona yote siku ile na haukuniambia.

"Zaidi ya hatua thelathini alikuwa haoni mtu, anaona kivuli," Dismasi akasema. "Kwenye shabaha mimi ndiye niliyekuwa namwambia iko wapi. Yeye masikio, mimi macho. Tulihesabu kwamba tukiwa pamoja tunatosha mtu mmoja na nusu." Akatabasamu kidogo. "Nilimwapia kwamba sitasema. Siku ile uwanjani ningeweza kupiga kelele, mchukueni na huyu. Nikatii kiapo."

Alinirudishia karatasi. Akachukua fimbo, lakini hakuinuka. Aliizungusha mikononi, kisha akageuza kiti chake chote mpaka tukatazamana uso kwa uso.

"Nataka uniambie jambo moja, usinionee huruma. Miaka yote hii nimejua kwamba ulituona sote wawili, ukamwokoa mmoja. Ni kweli?"

"Sikumwona, Dismasi," nikasema. "Nilikuona wewe tu."

Macho yake yalikuwa kwenye midomo yangu, yale macho yanayokwisha, ameyakaza kabisa. Akaniambia nirudie, polepole. Nikarudia.